Kijiko Chako, Kijiko Changu

Pale ghalani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wapagazi walimwita Ratili, na wale wadogo wakamwita Mzee Ratili, maana mtu aliyekula chumvi nyingi huwezi kumrushia jina la utani likiwa tupu. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mizani ya chuma mlangoni na kupima magunia ya nafaka yanayoingia na yanayotoka. Ujana wake wote aliyabeba magunia hayohayo, na mgongo ulipoanza kulalamika wakampa mizani. Alikuwa na tabia moja iliyowafurahisha watu. Kabla gunia halijapanda mizani alilikumbatia, akalinyanyua kidogo tu kutoka sakafuni, akataja uzito wake. Mshale ukija kusimama, ulisimama jirani kabisa na maneno yake. Mfanyabiashara aliyechota kidogo njiani alimkwepa macho.

Nyumbani alikuwa na mzigo mwingine, na huo hakupenda kuutaja. Mkewe alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ulilala, mdomo ukapinda, na maneno yakabaki machache, tena yanatoka moja moja kwa taabu. Akili haikuguswa. Wageni walikuja wakamsemesha kwa sauti kubwa kama wanamwita mtu ng'ambo ya mto, naye akawatazama tu, akingoja waondoke.

Kila siku Ratili alimnyanyua: kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kitini hadi msalani, msalani hadi kitini, kitini hadi kitandani. Alipitisha mikono chini ya makwapa yake, akamfunga kifuani kwake, akavuta pumzi, akanyanyua. Binti yao aliyeolewa mbali akipiga simu alisema, "Baba, si umtafute tu mtu wa kukusaidia?" Naye alijibu ndiyo, nitatafuta, akakata simu, akanuna. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Aliyeko mbali hajui kwamba mgonjwa huyu hakubali mikono ya mtu mwingine.

Na ingekuwa mikono peke yake, ingekuwa nafuu. Kulikuwa na chakula pia. Tangu mdomo ulipopinda, chakula kilimvuja upande mmoja, na huyu alikuwa mwanamke wa kujipenda, aliyezoea kupangusa midomo kila akinywa chai. Kulishwa mbele ya watu aliona ni sawa na kuvuliwa nguo. Binti alijaribu, akakataliwa. Fundi cherehani, jirani wa mlango wa pili aliyekuja kushona humo chumbani ili kumtazama mgonjwa wakati mume yuko kazini, naye alijaribu. Mgonjwa akafumba mdomo na macho pamoja. Kwa mumewe alikula, kwa sharti moja ambalo halikuwahi kutamkwa: wale pamoja. Sahani moja, kijiko kwa mume, kijiko kwa mke. Mume akila, naye anafungua mdomo. Mume akitua kijiko, naye ameshiba, na ukimsihi aongeze anageuza uso ukutani.

"Kijiko chako, kijiko changu," Ratili alimtania. "Utadhani tumeoana jana."

Asubuhi moja mgongo ulikataa katikati ya safari. Alikuwa amemtoa mkewe kitandani, hajafika kitini, kitu kikakatika kiunoni, magoti yakalegea. Alichoweza ni kujitupa nyuma, wakaangukia kitanda wote wawili. Kidogo tu ingekuwa sakafu. Ratili alilala pale akitazama dari, moyo ukimpiga, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Wapo watu wanaopendana ambao kila mmoja huomba atangulie yeye, asije akaliona kaburi la mwenzake. Ratili aliomba kinyume chake, na ombi hilo alilionea haya. Alimwomba Mungu amchukue mkewe kwanza, hata kwa siku moja tu, amzike kwa mikono yake, kisha yeye afuate. Maana akitangulia yeye, nani atakaa na sahani ile? Mke atafumba mdomo wake, na hakuna atakayeufungua.

Akaenda kliniki.

Daktari alikuwa msichana mwenye miwani, umri wa binti yake. Alimpima, akamgonga magoti, akaandika, akaandika tena.

"Mzee, uzito umezidi, presha imepanda, na magoti yako yanabeba tumbo lisilo lao."

"Tumbo hili ni la uzee, mwanangu."

"Uzee hauna tumbo, mzee. Tumbo ni la sahani."

Ratili akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nataka miaka," akasema. "Si mingi. Inayotosha kumwona mke wangu akitangulia."

Daktari alitua kalamu. Akamweleza taratibu kwamba kuna njia mbili ambazo watu wanazibishania. Moja ni kula kila siku kwa saa za kawaida, ila kila sahani ipunguzwe. Nyingine ni kuzipunguza saa zenyewe: unaanza kula mchana, unamaliza jioni, na muda wote uliobaki ni maji na chai isiyo na sukari.

"Ipi inaongeza maisha?"

"Panya wa maabara waliopunguziwa chakula wameishi zaidi. Lakini mtu si panya, na watu bado wanachunguzwa. Kwa kupunguza uzito, njia zote mbili zinakaribiana. Iliyo bora ni ile utakayoiweza bila kuichoka. Chumvi punguza pia. Na misuli uilinde: kula mayai, maharage, tembea, nyanyua vitu."

"Kunyanyua nanyanyua."

"Halafu jambo moja, mzee. Haya ni yako wewe. Si ya mgonjwa, wala si ya mtu asiye na cha kupunguza. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Alisikia kweli. Lakini kusikia ni jambo moja, na kufika nyumbani na ulichosikia ni jambo lingine. Njiani vingine hudondoka. Alipofika mlangoni alimkuta fundi anakung'uta vipande vya uzi kwenye kanga yake, akamweleza yote pale pale: panya, sahani, saa, mpaka lile ombi lake kwamba mke atangulie. Fundi alisema, "Usiseme hivyo, shemeji," na yeye akasema, "Nisiseme kwa nini, na ndilo ninaloliomba?"

Alianza na njia ya kwanza, kwa kuwa ilionekana ya kistaarabu. Alipakua nusu ya alichozoea. Wali nusu, maharage nusu, mkate kipande kimoja. Siku za mwanzo alijiona shujaa. Baada ya hapo njaa ilihamia kwake kabisa. Alishinda nayo kwenye mizani, akarudi nayo nyumbani, akalala nayo ubavuni. Siku moja alikumbatia gunia la mchele, akabaki amelikumbatia, pua imezama kwenye mshono.

"Mzee Ratili," mpagazi mmoja akasema, "hilo ni la kupima, si la kuposa."

Nyumbani sahani iliisha mapema. Ratili alikuwa akitua kijiko wakati ambao zamani wangekuwa bado katikati ya mlo, naye mke alifumba mdomo papo hapo.

"Umeshiba?"

Mke akatikisa kichwa, ndiyo.

Ratili aliwaza kwamba mtu anayekaa kitini kutwa nzima atahitaji chakula kingi cha nini. Wazo hilo lilimjia haraka na likamfaa sana, na mawazo ya namna hiyo ndiyo ya kuyaogopa. Alifunika kilichobaki, akaosha sahani.

Fundi cherehani alikuwa mtu wa njia ya pili. Alianza zamani, hata kabla ya kusikia kwamba ina wataalamu wake. Hakutia kitu mdomoni mpaka mchana, na alikuwa mwepesi, mwenye mdomo mwepesi zaidi.

"Shemeji, unajitesa bure," akamwambia akiwa anakanyaga cherehani. "Kula kidogo kidogo ni kulichokoza tumbo. Lifungie mlango kabisa. Likishajua hakuna kitu mpaka mchana, linatulia."

"Daktari kasema zote zinakaribiana."

"Zikaribiane hukohuko kwa daktari. Mimi nazungumzia tumbo."

Ratili hakuwa na nguvu ya kubishana. Njaa ya kila siku, alisema baadaye, ni kama kuishi na mkwe mkorofi: haondoki, na huwezi kumpiga. Akahamia kwenye saa. Asubuhi chai kavu, basi. Mchana alirudi kutoka ghalani, ambako hakukuwa mbali, wakala. Jioni jua likiwa bado lipo wakala tena, kisha jiko likazimwa. Na kweli, njia hiyo ilimfaa. Asubuhi tumbo lilinung'unika kidogo likanyamaza. Ila mkono uliokwisha kuzoea kupakua nusu uliendelea kupakua nusu. Kwa hiyo pale mezani njia mbili ziliungana, moja juu ya nyingine, wala hakuna aliyeona.

Uji wa mkewe aliupika kila asubuhi kama kawaida. Alimletea kwenye bakuli, akapoza kijiko kwa kukipuliza. Mke akafumba mdomo.

"Kula, bibie. Mimi ndiye ninayengoja mchana, si wewe."

"Mchana," mke akasema. Akapumzika. "Pamoja."

Ratili aliguswa. Alimpapasa shavu, akarudisha uji sufuriani, akaenda kazini akijiona mume aliyependwa. Na alipendwa kweli. Siku zilizofuata uji ulipikwa mwembamba na mchache, kwa sababu mtu haendelei kupika kitu cha kumwaga, na mwishowe ukaacha kupikwa.

Tumbo la Ratili likaanza kurudi ndani. Mkanda ukaingia tundu jingine. Akapanda ngazi za ghala bila kushika ukuta. Lakini lililomfurahisha kuliko yote lilikuwa jingine: mke alikuwa akinyanyuka. Zamani alimtoa kitandani kwa kuguna na kukunja uso, leo alimnyanyua akamweka kitini bila jasho. Kila juma lilipopita aliona afadhali kuliko lililotangulia. Siku moja alimbeba mikononi kutoka msalani hadi kitandani, moja kwa moja, kama bwana harusi, akacheka mwenyewe.

Akaenda kujisifu ghalani. "Kula kwa saa kumenirudishia mgongo," aliwaambia wapagazi. "Nanyanyua kama enzi zile."

"Angalia tu usirudi kuoa," wakamjibu.

Sasa mtazame mtu huyu. Gunia likipungua, hata kama limepungua vikombe viwili tu, mikono yake ilijua, na mdomo wake ukasema gunia limepungua. Mkewe alipopungua, alisema yeye ndiye aliyeongezeka. Miaka yote ile ya kukumbatia mizigo ya watu, na mzigo mmoja aliompenda ndio uliomdanganya. Mganga hajigangi, wanasema, na mpimaji naye hajipimii.

Aliyemfumbua macho ni fundi, tena bila kukusudia. Ilikuwa siku ya mapumziko, na alileta gauni la bluu la mgonjwa limekunjwa vizuri.

"Nimelipunguza tena kiunoni na mabegani, shemeji. Lilikuwa linamvuka."

"Tena?"

"Hii ni mara ya tatu. Na ile sketi." Fundi alimtazama usoni, akashusha sauti. "Nilidhani unajua. Sikutaka kukuumiza kwa kulisema. Nikaona unambeba kila siku, kama kuna mtu anayejua ni wewe."

Ratili alichukua gauni, akaligeuza ndani nje. Fundi hakukata kitambaa, alikikunja tu, na mishono ile mitatu ilikuwa imepangana, mmoja ndani ya mwingine. Akaingia chumbani. Mke alikuwa amesinzia kitini. Ratili alimtazama shingo, akamtazama vifundo vya mikono. Alikuwa akimwona kila siku, na kumwona kila siku ndiko kulikomficha asimwone. Akakaa kitandani.

Kliniki alikwenda naye, akimsukuma kwenye kiti. Kwa kuwa hawezi kusimama juu ya mizani, daktari alimwambia Ratili ambebe wapimwe pamoja, kisha apimwe peke yake. Ratili hakuhitaji kuelezwa. Ghalani ndivyo wanavyofanya: unapima gunia limejaa, kisha unatoa uzito wa gunia tupu. Leo gunia tupu lilikuwa yeye mwenyewe. Alipanda na mkewe kifuani, akatazama mshale. Akamrudisha kitini, akapanda peke yake, akatazama tena. Jibu alikuwa nalo kabla daktari hajashika kalamu, na alitamani awe amekosea hesabu, jambo ambalo hakuwahi kulitamani katika kazi yake.

Daktari alifungua faili la zamani la mgonjwa, akasoma, akamvuta Ratili pembeni.

"Wewe umepungua vizuri, mzee. Yeye amepungua kukuzidi. Tena kilichokwenda kwake ni misuli, kwa sababu hana mafuta ya kupoteza. Mtu wa hali yake akikonda hivi, kikohozi kidogo tu kinamlaza moja kwa moja. Nilikuambia mambo haya ni yako peke yako."

"Nisipokula, naye hali. Nikiacha, anaacha."

"Basi kula naye."

"Na mimi je? Magoti? Presha?"

Daktari aliwaza. "Hakuna sheria kwamba vijiko vyenu vilingane," akasema.

Walirudi nyumbani mchana. Fundi alikuwa amefunga cherehani akaenda kwake, amewaachia nafasi. Ratili alimsogeza mkewe karibu na dirisha, akavuta kigoda, akakaa mbele yake magoti yakigusana.

"Kwa nini hukuniambia una njaa?"

Mke alitazama mkono wake uliolala mapajani. Ilichukua muda. "Ulikuwa… unaguna."

"Naguna?"

"Ukininyanyua. Kila siku." Akapumzika. "Sasa… huguni."

Ratili hakuelewa mara moja. Alipoelewa, hasira ilimpanda, na kwa kuwa hakujua pa kuipeleka, aliipeleka kwa mkewe.

"Kwa hiyo umejikausha ili nisigune? Kuguna kunaua? Nimeguna ghalani maisha yangu yote, sijaona gunia lililojitoboa kwa kunihurumia!"

Upande mmoja wa mdomo wa mke ulicheka. Upande mwingine ulibaki pale pale. Kisha na ule uliocheka ukaacha.

"Na ulisema," akaongeza. "Mlangoni. Kwa fundi."

"Nilisema nini?"

"Nitangulie." Akameza mate. "Nikaona… nikusaidie."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakalia mpaka mwisho wa njia. Ratili alisikia aibu ambayo hakuwa ameijua bado katika umri wake, aibu ya mwili mzima, mpaka kwenye meno. Ombi lake alilipeleka mbinguni, na kumbe lilikuwa limepokelewa hapo chumbani, na mwenye kulipokea alikuwa akilitimiza kijiko kwa kijiko, mbele yake, huku yeye akiosha sahani. Akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa kamasi, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Nilisema kwa woga," akasema alipoweza. "Si kwa kukuchoka." Halafu, kwa kuwa alikuwa mpimaji, na hakuzoea kuacha kitu pungufu, akaongeza, "Nimechoka pia. Hilo sikufichi."

"Najua," mke akasema. "Hata mimi."

Walikaa hivyo. Wazee wawili waliochoka, mmoja kwa kubeba na mwingine kwa kubebwa. Wa kubebwa hakuna anayemwuliza amechokaje.

Kesho yake asubuhi Ratili alipika uji mzito wa maziwa, akavunja yai ndani yake. Akaja na vijiko viwili: kikubwa cha supu kwa mkewe, na kwake kile kidogo cha kukorogea chai. Mke aliviona mara moja. Mwili ulilala upande, macho hayakulala.

"Kikubwa," akasema, akielekeza kidevu kwa mumewe.

"Hapana. Nimerudi njia ya kwanza, ya kupunguza kila siku. Wewe ulitaka tuhesabu vijiko, basi tuhesabu. Ukubwa hatukuandikiana." Akala kijiko chake kidogo, akaufungua mdomo kuonyesha kimekwenda. "Zamu yako."

Mke alimkazia macho kwa muda. Kisha akafungua mdomo.

Haikuwa safari fupi wala nyepesi. Siku nyingine alikula, siku nyingine aligeuza uso, na Ratili akabaki na bakuli mkononi akichelewa kazini. Fundi naye alipoelezwa yaliyotokea alijilaumu kwa ile mishono yake, akashona kimya siku mbili, jambo lisilo la kawaida kwake. Lakini mwili haukosi shukrani ukipewa haki yake. Mashavu yakaanza kujaa. Gauni la bluu fundi alilifumua mshono mmoja, baadaye wa pili.

Na mgongo wa Ratili ukajua. Kila mshono uliofumuliwa, mgongo uliulipia asubuhi. Akarudi kuguna. Mke akimsikia alikunja uso, naye akamwambia, "Nyamaza, ndiyo sauti ya mzigo wenye afya." Ilikuwa mzaha, na haikuwa mzaha. Ikafika siku hakuweza. Alivuta pumzi, akanyanyua, mke hakutoka kitandani. Akajaribu tena. Kisha akakaa pembeni yake, akamwambia kweli kwamba wanahitaji mikono mingine miwili, na mikono iliyo karibu ni ya fundi.

Mke alifumba macho. Machozi yalitoka upande mmoja tu, ule mzima. Ratili alidhani atakataa, na hakuwa na la kufanya akikataa. "Mwite," mke akasema mwishowe.

Fundi akaja, akawa anashika miguu, Ratili mabega, na kwa kuwa fundi hakuwa na uwezo wa kufanya kitu bila kusema, alisimulia habari za wateja wake huku wakimbeba, nani kaleta kitambaa cha mtu mmoja akitaka kitoshe watu watatu, nani kanenepa anasema nguo imeingia maji. Mke akacheka katikati ya hewa. Aliyekuwa akiogopwa kama mgeni aliingia kwa mlango wa umbea.

Siku moja ghalani lori lilichelewa kuja, kisha likaja na mengine mawili nyuma yake, na mpimaji hawezi kuondoka magunia yakiwa mlangoni. Saa ya chakula ikapita. Ratili alipima na roho yake iko nyumbani. Akilini alimwona mkewe kitini, mdomo umefumbwa, akimngoja. Gunia la mwisho liliposhuka hakulikumbatia, hakutaja uzito. Alitoka akitembea haraka, kisha akakimbia, mzee wa watu, mkono umeshika kiuno.

Akafungua mlango akihema. Cherehani ilikuwa kimya. Fundi alikuwa amekaa kwenye kile kigoda cha Ratili, mbele ya kiti cha magurudumu, sahani tupu mapajani, vijiko viwili ndani yake. Alikuwa akimpangusa mgonjwa pembe ya mdomo kwa kitambaa safi, polepole, naye mgonjwa alikuwa ameinua kidevu amwachie nafasi.

"Umechelewa, shemeji," fundi akasema. "Tumekula. Kijiko kwake, kijiko kwangu. Na asubuhi ulipoondoka tulikunywa uji tena. Zile saa zangu nimezivunja zote, nimekuwa mlaji kama wengine."

"Amekula?"

"Uliza sahani."

Ratili alimtazama mkewe. Mke naye alimtazama, macho matulivu, ya mtu aliyeshiba na hana anachongoja.

Alisimama mlangoni akiwa bado anahema. Sasa hata akitangulia yeye, mdomo ule utafunguka. Hilo ndilo alilolikimbilia kliniki, ndilo alilolililia kwa Mungu na kwa panya wa daktari, na sasa lilikuwa limepatikana, bila mgongo wake, bila yeye kuwepo. Alifurahi. Alifurahi kweli, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na uchungu wa mfanyakazi anayeambiwa kwamba kazi imepata mtu mwingine. Hakujua avipeleke wapi vyote viwili.

"Chako kiko jikoni," mke akasema. Maneno matatu, bila kupumzika katikati.

Ratili akaenda jikoni, akafunua sufuria. Akapakua, akavuta stuli, akakaa peke yake, kwa mara ya kwanza tangu kiharusi, akala mpaka akashiba.